Sahani ya Asiyekuwepo

Askari aliyepata kuwa zamu siku ya sikukuu ajua uzito wake. Nyumbani Mbarara matoke yameiva, watoto wamevaa nguo mpya, naye yuko lindoni. Je, jamaa yake yafaa wale kana kwamba hayupo duniani?

Wachina wana jibu la siku nyingi. Mwaka wao mpya, kwa hesabu ya mwezi, huangukia baina ya 21 Januari na 20 Februari. Usiku wa kuamkia siku hiyo kila mtu hujitahidi kurejea kwao kula pamoja na wazee. Samaki hakosi, kwa kuwa jina lake katika Kichina hutamkwa sawa na neno lenye maana ya ziada. Humsaza makusudi, ili riziki nayo isaze. Na jamaa akiwa mbali, baadhi ya nyumba humwekea bakuli lake na vijiti vya kulia. Siku ya kumi na tano ya mwezi wao wa nane hugawana keki za duara mfano wa mwezi mpevu, na aliye safarini huutazama mwezi ule ule. Mapema Aprili husafisha makaburi ya wazee wao. Hivyo waliopo, walio mbali na waliotangulia wote huhesabiwa.

Jambo hili si geni kwetu. Kusini ya Mbarara, wilayani Isingiro, yako makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Wamo Wanyarwanda, Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Wanyarwanda wanayo Umuganura, sikukuu ya malimbuko, ambapo mtama mpya huonjwa kwa pamoja. Watawala wa Kibelgiji waliipiga marufuku mwaka 1925, lakini haikusahauliwa. Leo Rwanda huiadhimisha Ijumaa ya kwanza ya Agosti.

Mkimbizi hawezi kubeba shamba lake wala makaburi ya wazee wake. Siku yao na namna yao ya kula aweza kuvibeba.

Basi, ndugu msomaji, sikukuu ijayo, ikiwa mmoja wenu yuko kazini, mpakulie sahani yake kabla ya wengine. Watajieni watoto jina lake, ukoo wake na kazi aifanyayo. Atakaporudi, hata ikiwa baada ya miezi, hatakuwa mgeni nyumbani kwake.