Je, Wayland Iko Tayari kwa Kompyuta za Shule?

Kabla ya mwaka 2003, magari yaliyotoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara yaliuvuka Mto Rufiji kwa kivuko pale Ndundu. Mwaka huo likafunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa meta 970. Hapana aliyehitaji kuambiwa kwamba daraja ni bora kuliko kivuko. Hata hivyo, mwenye gari hatosheki kusikia kwamba daraja ni zuri. Hutaka kujua kama litauchukua mzigo wake.

Katika Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kuna uvukaji wa namna hiyo unaoendelea. Mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye skrini, uitwao X, unaachwa, na mahali pake panachukuliwa na mfumo mpya uitwao Wayland. Jambo hili linazihusu shule zetu moja kwa moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa huduma ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi kuukuu haziwezi kupokea Windows 11. Mwalimu asiyetaka kuzitupa atageukia Linux, na mara nyingi atapewa Wayland pasipo kuulizwa. Tuchukue shule ya kando ya Rufiji, tuseme upande wa Mloka. Huko fundi hapatikani kwa kuitwa tu, na uchaguzi usio sahihi waweza kuifunga maabara muhula mzima.

Kazi ya mfumo wa maonyesho

Programu ya kuandikia barua haichori yenyewe kwenye skrini. Kuna mtu wa kati, ambaye hupokea picha za programu zote, huzipanga katika madirisha, na huamua ni dirisha lipi lipokee herufi unayoibonyeza. Bila huyo wa kati, kila programu ingechora juu ya mwenziwe.

X ilianza mwaka 1984 katika chuo cha MIT, Marekani, na toleo lake la 11, ambalo ndilo tunalolitumia hadi leo, lilitoka mwaka 1987. Siku hizo kompyuta zenye nguvu zilikuwa chache na ghali. Kwa hiyo X iliundwa ili programu iendeshwe katika kompyuta moja na kuonekana kwenye skrini ya nyingine kupitia mtandao. Shule kadhaa duniani zilinufaika na uwezo huo kwa njia ya mradi wa LTSP, ulioanza mwaka 1999: kompyuta moja yenye nguvu ilizihudumia nyingi dhaifu.

Kasoro za X ni mbili kubwa. Ya kwanza ni mzunguko. Siku hizi kazi ya kuunganisha madirisha kuwa picha moja hufanywa na programu nyingine, iitwayo kompozita. Picha hutoka kwa programu ikaenda kwa X, kisha kwa kompozita, kisha ikarudi tena kwa X ndipo ifike kwenye skrini. Katika mzunguko huo video huweza kuonekana imekatika vipande. Ya pili ni usalama. Katika X, programu yoyote iliyofunguliwa yaweza kusikiliza herufi zinazoandikwa katika dirisha la programu nyingine, nywila zikiwemo. Katika chumba ambamo wanafunzi hupokezana kompyuta, hili si jambo dogo.

Wayland inavyofanya

Wayland ilianzishwa mwaka 2008 na Kristian Høgsberg, na toleo la 1.0 likatoka mwaka 2012. Hapa kompozita yenyewe ndiyo mtu wa kati. Programu huchora dirisha lake katika kumbukumbu, humkabidhi kompozita, naye huliweka kwenye skrini. Programu haioni dirisha la mwenziwe wala haisikii kibodi isipokuwa zamu ni yake. Ikitaka kuinakili skrini nzima, sharti mtumiaji atoe idhini.

Yafaa msomaji azingatie kwamba Wayland si programu moja, bali ni itifaki, yaani makubaliano ya namna ya kuzungumza. GNOME wana kompozita yao, KDE wana yao, na Raspberry Pi hutumia nyingine. Kwa sababu hiyo swali la kama Wayland iko tayari halina jibu moja. Kitu kinachofanya kazi katika GNOME chaweza kukosekana kwingine.

Na programu za zamani je? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa lugha ya Kiswahili. Enzi hizo programu za Linux ziliandikwa kwa X. LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice, hufanya kazi moja kwa moja katika Wayland. Zile ambazo hazijabadilishwa hupitia Xwayland, X ndogo inayoishi ndani ya Wayland, na aghalabu mtumiaji hatambui tofauti.

Mambo yalivyoendelea

Fedora iliifanya Wayland kuwa chaguo la kwanza mwaka 2016. Ubuntu ilifuata Oktoba 2017, ikarudi nyuma kwa X Aprili 2018, kisha ikajaribu tena mwaka 2021. Kompyuta zenye kadi za picha za NVIDIA ziliachwa katika X hadi Ubuntu 24.10 ya mwaka 2024. Mwaka huohuo KDE Plasma 6 nayo iliitanguliza Wayland. Ubuntu 25.10, iliyotoka Oktoba 2025, haina tena GNOME ya X.

Mzigo ambao haujavuka

Kwa mwanafunzi anayeandika insha, anayesoma mtandaoni au anayejifunza kuandika programu, katika kompyuta yenye kadi ya picha ya Intel au AMD, Wayland iko tayari. Tahadhari ibaki katika mambo matatu.

Kwanza, kadi kongwe za NVIDIA, ambazo viendeshi vyake haviboreshwi tena, huleta matatizo. Pili, kisomaji skrini Orca, kinachowasaidia wasioona: baadhi ya amri zake za kibodi zilingoja hadi GNOME 48 ya Machi 2025. Mwanafunzi asiyeona asihamishwe kabla yeye mwenyewe hajaijaribu. Tatu, na hili ndilo linalomgusa mwalimu zaidi, programu za kuongoza darasa. Epoptes, mathalan, humwonyesha mwalimu skrini za wanafunzi wote, lakini uwezo huo umejengwa juu ya X. Ulinzi uleule unaomzuia mwizi wa nywila humzuia pia mwalimu kuchungulia.

Mwalimu afanyeje?

Hapana sababu ya kukimbilia, wala ya kukataa. Ubuntu 24.04 ina mifumo yote miwili na itahudumiwa hadi mwaka 2029. Linux Mint 22 nayo, itakayohudumiwa hadi mwaka huohuo, hutumia X kwanza. Muda wa kujiandaa upo, ila una mwisho. Shule na ianze na kompyuta moja, ambayo itumike kwa kazi zote za wiki nzima: kuchapa kwa printa, projekta, masomo ya video na uongozi wa darasa. Ikifaulu, zifuate nyingine. Kivuko kisiuzwe kabla lori halijapita darajani.

Zoezi

1. Katika kompyuta ya Linux fungua terminali, uandike: echo $XDG_SESSION_TYPE. Jibu litakuwa x11 au wayland. Je, shule yenu inatumia ipi?

2. Orodhesheni programu zote zinazotumika katika maabara yenu. Ni zipi zinazohitaji kuiona skrini au kusikiliza kibodi ya programu nyingine? Hizo ndizo za kujaribiwa kwanza.

3. Jadilini: je, ni haki mwalimu aweze kuiona skrini ya mwanafunzi bila yeye kujua?