Kubadili Mfumo Endeshi Bila Kupoteza Faili

Mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi, kwa kawaida hukaa katika diski ileile yenye picha, barua na hesabu za mwenye kompyuta, na ndiyo maana kuubadili ovyo kunaweza kufuta kazi ya miaka mingi. Tangu Microsoft ilipositisha msaada wa kawaida wa mfumo wake endeshi wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wamelazimika kuhamia Windows 11. Anayeanzisha usakinishaji akiwa ndani ya Windows yenyewe huulizwa abakize nini, na akichagua faili pamoja na programu, mfumo wa zamani huwekwa kando, kwa kawaida kwa siku 10, katika folda iitwayo Windows.old, ili aweze kurudi nyuma. Anayewasha kompyuta kwa flashi na kuifuta diski hapati nafasi hiyo. Hata hivyo, umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna chaguo lililo salama kabisa. Kwa hiyo nakala ya akiba katika diski ya nje, iliyofunguliwa na kukaguliwa kwenye kompyuta nyingine, ni ya lazima, na pale diski ilipofungwa kwa BitLocker, zana ya Windows ya kusimba diski, ufunguo wake wa tarakimu 48 uandikwe kwanza.