Kabla hujampakia mtoto kwenye gari la kale, kagua shokapu

MPENZI wa magari ya kale akinunua gari bovu ili alifufue, fedha huanza kwenye rangi, zikaenda kwenye injini, kisha kwenye viti. Shokapu husubiri. Hazionekani, na gari linatembea tu hata zikiwa zimekufa.

Kwa mzazi, huko ni kuanza kazi kinyume.

Chukua mfano wa Datsun 240Z, gari la michezo kutoka Japan. Wazee wa Afrika Mashariki wanalikumbuka: lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta. Leo yaliyobaki yana zaidi ya miaka 50. Lina viti 2 tu, kwa hiyo mtoto hukaa mbele, na halina mifuko ya hewa. Kinachomlinda ni mkanda, breki na tairi zinazoshika barabara.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29.

Shokapu inafanya nini?

Wengi hudhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Hapana, inayobeba ni springi. Springi ikibonyezwa na shimo hutaka kudunda mara nyingi, na shokapu, kwa oili iliyo ndani yake, huituliza. Shokapu ikichoka, tairi nayo hudundadunda. Tairi iliyo hewani haiwezi kusimamisha gari wala kukata kona.

Tatizo ni kwamba huchoka polepole, kama presha inayopanda bila maumivu. Dereva hulizoea gari lake na kuona liko sawa.

Dalili ni hizi:

• Oili inavuja kwenye bomba la shokapu.
• Tairi zinalika kwa mabonde mabonde.
• Pua ya gari inainama sana ukikanyaga breki.
• Gari linaendelea kunesa baada ya kuvuka tuta.

Unaweza pia kubonyeza kona ya gari kwa mikono na kuachia. Likinesa mara kadhaa, shokapu zimekwisha. Lakini likitulia, usijipongeze haraka: springi za gari la michezo ni ngumu, hivyo huenda lisinese hata kama shokapu ni mbovu.

Kazi yenyewe si mchezo

Kwenye 240Z, shokapu hukaa ndani ya bomba la chuma lililozungukwa na springi. Fundi hushusha bomba zima, huibana springi kwa vibano maalumu, ndipo hufungua nati ya juu. Nati hiyo ikifunguliwa kabla springi haijabanwa, springi huruka kwa nguvu inayoweza kuvunja taya au kuua.

Kwa hiyo, kama baba anafanyia kazi hii nyumbani, mambo haya hayana mjadala:

• Watoto wasiwe karibu, hata wa kushika tochi.
• Gari likae juu ya stendi imara, kwenye sakafu ngumu. Jeki ni ya kunyanyulia tu.
• Kama hana vibano vya springi, kazi iende gereji.
• Oili ya zamani isiachwe kwenye chupa ya soda. Mtoto ataidhania kinywaji.

Shokapu hubadilishwa kwa jozi: za mbele zote mbili, au za nyuma zote mbili. Ukiweka mpya upande mmja na kuacha nzee upande wa pili, gari litavuta vibaya kwenye kona. Wakati huohuo kagua mipira ya juu ya springi, maana baada ya miaka 50 mingi huwa imepasuka. Kisha gari lipelekwe kwenye alaimenti.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo iwe ya dereva peke yake, mwendo mdogo, akijaribu breki na matuta. Akirudi, nati zikaguliwe tena.

Mkanda nao ukaguliwe. Uliochanika au usiojifunga vizuri ubadilishwe, na mtoto mdogo awe na kiti chake kinachofungika imara kwenye gari hilo. Kama hakifungiki, mtoto abaki nyumbani.

Rangi inaweza kusubiri mwezi ujao.