Nakala ya tovuti inapokwama njiani kwenda hifadhi ya mtandaoni

USIKU wa Januari 31, 2017, mhandisi mmoja wa kampuni ya GitLab, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu za kompyuta, alifuta data katika seva isiyokusudiwa. Alipogutuka na kusitisha amri hiyo, kati ya takriban gigabaiti 300 zilizokuwamo zilibaki 4.5 tu. Kampuni ikakimbilia nakala zake za akiba, ambazo zilipaswa kupelekwa kila siku katika hifadhi ya Amazon S3, ikakuta hakuna kitu. Programu ya kutengeneza nakala ilikuwa ya toleo la zamani lisilopatana na hifadhidata iliyokuwa ikitumika, hivyo ilikuwa ikishindwa kazi kimya kimya. Barua pepe za kutoa taarifa ya kushindwa huko nazo zilikuwa zikikataliwa zisifike kwa wahusika.

GitLab iliokolewa na nakala nyingine iliyochukuliwa saa sita kabla ya ajali, kwa ajili ya majaribio. Yaliyoandikwa katika hifadhidata ndani ya saa hizo sita yalipotea.

Ikiwa hayo yaliifika kampuni yenye wahandisi wa kutosha, mwenye tovuti ya duka, shule au gazeti ana sababu ya kuitazama upya nakala anayodhani anayo. Nakala hiyo huwa na sehemu mbili: mafaili, yaani picha, video, hati na programu zinazoiendesha tovuti, na hifadhidata, yenye habari zilizochapishwa, majina ya wateja na oda zao. Tovuti ikiwa changa, vyote hufungwa katika furushi moja la megabaiti 200 na kupakiwa kwa dakika chache. Miaka michache baadaye furushi limefikia gigabaiti 20, lakini utaratibu ni ule ule. Siku moja upakiaji unakwama, na lawama zinaangukia kampuni ya hifadhi. Mara nyingi kampuni hiyo haina kosa, kwa kuwa furushi halijafika hata mlangoni kwake.

Kwa hiyo la kwanza ni kujua furushi limefia wapi. Daftari la matukio ambalo seva hujiandikia lenyewe litasaidia, lakini kuna kipimo chepesi zaidi. Rudia upakiaji mara tatu, na kila mara andika ulipokomea. Ukikoma pale pale, iwe ni dakika ile ile au gigabaiti ile ile, umegonga kikomo kilichowekwa na mtu. Ukikoma leo kwenye asilimia 12 na kesho kwenye asilimia 70, tazama mtandao.

Vikomo vya kwanza vimo ndani ya seva yako mwenyewe. Tovuti nyingi, zikiwamo zote za WordPress, huendeshwa kwa lugha ya PHP, ambayo isipobadilishwa huipa kazi inayoanzishwa kupitia kivinjari sekunde 30 na kumbukumbu ya megabaiti 128. Muda huo watosha kufungua ukurasa. Kufunga na kusafirisha gigabaiti 20 ni kazi nyingine kabisa. Wengi hukimbilia kuongeza sekunde. Yasaidia kidogo, ila katika seva ya kukodi kwa pamoja mwenye seva ndiye mwenye kauli ya mwisho. Lililo bora ni kazi hiyo kuanzishwa na ratiba ya seva yenyewe bila kupitia kivinjari, kwani huko PHP kwa kawaida haina kikomo cha muda. Wenye WordPress wafahamu pia kwamba ratiba yake ya ndani huamka pale tu mtu anapoitembelea tovuti. Nakala iliyopangwa kufanyika saa nane usiku itasubiri hadi mgeni wa kwanza abishe hodi asubuhi.

Nafasi ya diski ni kikwazo kingine kisichotazamwa. Ili kufunga furushi la gigabaiti 20, seva huhitaji karibu gigabaiti 20 nyingine za kuliweka kabla halijasafiri. Usitegemee kwamba kulibana kutapunguza sana ukubwa, kwa sababu picha za JPEG na video huwa zimekwisha kubanwa tangu zilipotengenezwa.

Furushi likishafungwa, inabaki safari. Hapa wapo wanaojitaabisha bure: tovuti yao imo katika seva iliyoko Ulaya, nao huishusha nakala hadi kwenye kompyuta ya ofisini Dar es Salaam au Nairobi, kisha huipakia tena kwa kivinjari kwenda Ulaya au Marekani. Nakala hiyo imevuka bahari mara mbili bila sababu. Kwa mtandao unaopandisha megabiti 5 kwa sekunde, gigabaiti 20 huchukua karibu saa tisa mfululizo, na kukatika mara moja kwaweza kuirudisha kazi mwanzo. Nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 12, 2024, intaneti ilizorota katika nchi kadhaa za ukanda huu, Tanzania na Kenya zikiwamo. Seva iliyoko Ulaya inayopeleka nakala moja kwa moja kwenye hifadhi ya huko huko haiguswi na ajali ya namna hiyo.

Hata pale njia ilipo nzuri, faili kubwa lisisafirishwe kama mzigo mmoja. Amazon S3 hukataa faili linalozidi gigabaiti 5 likipelekwa kwa mkupuo, na Amazon yenyewe hushauri kugawa faili kuanzia megabaiti 100. Likigawanywa, kipande kilichopotea hurudiwa peke yake. Lakini vipande navyo vina sheria zake: kila kimoja, isipokuwa cha mwisho, kisipungue megabaiti 5, na vyote visizidi 10,000. Zidisha hesabu hiyo uone. Programu iliyopangwa kutumia vipande vya megabaiti 5 itafanya kazi vizuri kwa miaka, kisha siku faili linapozidi gigabaiti 50 hivi itakwama karibu na mwisho wa safari, baada ya saa nyingi za kusubiri. Vipande vya megabaiti 64 hufikisha faili la zaidi ya gigabaiti 600. Sharti seva iwe na kumbukumbu ya kutosha, maana programu nyingi hushikilia vipande kadhaa kwa wakati mmoja.

Upakiaji uliokatika huacha deni pia. Vipande vilivyokwisha kufika S3 havionekani katika orodha ya kawaida ya mafaili, lakini hutozwa fedha kila mwezi hadi vifutwe. Weka kanuni ya kuvifuta vyenyewe baada ya siku saba, kwa mfano.

Mzigo ukikataliwa mara tu unapofika, sababu huwa ndogo. Ufunguo wa kuingilia umekwisha muda, au ruhusa imebadilishwa. Saa ya seva ikipishana na ya Amazon kwa zaidi ya dakika 15, ombi hukataliwa hata kama ufunguo ni sahihi. Kwa wanaotumia Google Drive bila malipo, gigabaiti 15 zinazotolewa hugawanwa na barua pepe na picha za akaunti hiyo hiyo.

Kabla ya kununua nafasi zaidi, chungulia ndani ya furushi. Si ajabu kukuta folda ya nakala za zamani imo ndani ya folda ya tovuti, hivyo kila nakala mpya inazimeza zote zilizotangulia. Folda hiyo iondolewe, pamoja na mafaili ya muda. Kisha hifadhidata ipelekwe nzima kila siku, kwa kuwa kwa kawaida ni ndogo, na kwa upande wa picha yapelekwe yaliyoongezeka tu. Programu ya rclone hulinganisha pande mbili na kupeleka kile kilichopungua.

Neno “imekamilika” kwenye kioo lisitosheleze. Linganisha ukubwa wa faili, baiti kwa baiti, kati ya seva na hifadhi. Wanaotumia alama ya MD5 waangalie: faili lililofika S3 kwa vipande huonyesha alama yenye kistari na idadi ya vipande mwishoni, nayo hailingani na ya faili la awali hata kama faili ni zima. Usilipakie upya kwa sababu hiyo. Badala yake, walau mara moja kwa robo mwaka, ishushe nakala katika seva tupu na uone kama tovuti inafunguka.

Mahali pa kuweka nakala nako pana uzito. Machi 10, 2021, moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walikuwa wameweka nakala zao katika eneo hilo hilo. Chagua hifadhi iliyoko mji mwingine. Ufunguo utakaouacha kwenye seva upewe ruhusa ya kuandika bila ya kufuta, na hifadhi iwekwe itunze matoleo ya awali ya kila faili, ili atakayeivamia tovuti asiweze kuifuta na nakala yake.