Chakula cha Udongo Mwekundu: Samadi na Vijiumbe katika Mashamba ya Kianjokoma

Udongo wa Kianjokoma, kwenye miteremko ya Mlima Kenya upande wa Embu, ni mwekundu, una kina kirefu na umetokana na miamba ya volkano. Wataalamu huuita nitisoli. Ukipanda kuelekea msituni unazidi kuwa mweusi na mwepesi, kwa sababu ya majivu ya kale ya volkano. Hushika maji vizuri na mizizi huupenya bila taabu, ndiyo maana majani chai, kahawa, makadamia, ndizi na mahindi hubanana katika shamba la ekari moja au mbili. Kasoro zake ni mbili: una tindikali, na huibana fosforasi. Chuma na alumini vilivyomo hunasa hata fosforasi iliyonunuliwa dukani, mmea ukabaki na njaa kama mtu aliyefungiwa nje ya ghala lake mwenyewe.

Vijiumbe vya udongoni, yaani bakteria, kuvu na jamaa zao, hufanya kazi kadhaa za kuulisha mmea katika udongo huo. Ya kwanza ni kuozesha. Vijiumbe hula kaboni ya majani na samadi ili kupata nguvu, na huhitaji nitrojeni ya kujengea miili yao. Vikipewa mabua makavu ya mahindi, yenye kaboni tele na nitrojeni haba, huchota nitrojeni iliyokuwa tayari udongoni, na mimea iliyopandwa hapo huwa ya manjano kwa wiki kadhaa. Vikipewa majani mabichi na laini, nitrojeni hubaki ya ziada na mmea huipata. Mpaka wenyewe uko kwenye takriban sehemu 25 za kaboni kwa sehemu 1 ya nitrojeni.

Chakula kikuu cha vijiumbe hapa ni samadi. Ng'ombe wa Kianjokoma hulishwa nepia bandani, kwa hiyo mbolea haitawanyiki malishoni. Hata hivyo, sehemu kubwa hupotea kabla haijafika shambani. Mkojo, unaobeba nitrojeni na potasiamu nyingi kuliko watu wanavyodhani, hunywewa na sakafu ya udongo. Lundo lililoachwa wazi hupigwa na jua, nitrojeni ikatoroka kama amonia, kisha mvua za Machi hadi Mei huchukua kilichobaki hadi mtoni. Malalo mazito ya majani makavu chini ya ng'ombe hufyonza mkojo, na lundo lililo kivulini, likafunikwa kwa majani ya migomba, huhifadhi ubora wake. Mboji iliyopangwa vizuri, yenye unyevu wa kutosha na kugeuzwa mara kwa mara, hufikia joto la nyuzi 55 hadi 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Ikipoa, ikawa nyeusi na kuacha kunuka amonia, imeiva.

Mimea miwili ya uani huongeza chakula hicho, kila mmoja kwa tabia yake. Tithonia, ile alizeti pori yenye maua ya manjano kando ya barabara, ina nitrojeni ya takriban asilimia 3.5 katika majani makavu na potasiamu ya asilimia 4 hivi, na huoza upesi sana. Haiumbi nitrojeni kutoka hewani: huikusanya pale ilipoota, na mwenye shamba huihamisha kwa mgongo. Kaliandra huinasa nitrojeni ya hewani kwa msaada wa bakteria wa mizizini, na miaka ya 1990 watafiti wa taasisi za kilimo na misitu za KARI, KEFRI na ICRAF waliieneza sana Embu. Lakini majani yake yana tanini inayofunga protini, hivyo huoza polepole. Njia bora ni kuipitisha kwa ng'ombe kwanza. Majaribio ya Embu yalionyesha kuwa kilo 3 za majani mabichi ya kaliandra hukaribia kuleta maziwa sawa na kilo 1 ya chakula cha ng'ombe cha dukani, na samadi hubaki pale pale bandani.

Kazi ya pili, kunasa nitrojeni ya hewani, ni ya rizobia, bakteria wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde. Kinundu kikipasuliwa na kuonekana chekundu ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au kijani, hakifanyi. Maharagwe ya kawaida ni mavivu katika jambo hili ukilinganisha na soya au kunde. Chanjo ya rizobia ijulikanayo kama Biofix, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na kuuzwa na kampuni ya MEA, hupakwa kwenye mbegu siku ya kupanda, nayo lazima ilingane na aina ya mkunde. Ya soya haisaidii maharagwe.

Kazi ya tatu, kuleta fosforasi, ni ya mikoriza, kuvu wanaoingia ndani ya mizizi na kutandaza nyuzi mbali kuliko mizizi yenyewe, wakaileta fosforasi na kulipwa sukari. Kwa udongo unaobana fosforasi, hakuna mshirika bora. Kahawa, majani chai, mahindi, ndizi na maharagwe hushirikiana nao. Sukuma wiki na kabichi hazishirikiani nao. Makadamia nayo haiwategemei: huota vishada vya vijizizi vyembamba vinavyotoa asidi ya kufungua fosforasi, na mbolea nyingi ya fosforasi inaweza kuudhuru mti huo. Anayemwagia makadamia unga wa mikoriza amepoteza pesa.

Biashara ya vijiumbe vya chupani imekua duniani kote. Nchini Kenya pia chupa hizo zimefika maduka ya pembejeo. Mradi wa COMPRO, ulioanza 2009 katika Kenya, Ethiopia na Nigeria, ulipima zaidi ya bidhaa mia moja, na chache tu ndizo zilizothibitika kufaa. Chanjo za rizobia zilikuwa miongoni mwazo. Nchini Uswisi, utafiti uliochapishwa 2010 ulilinganisha mchanganyiko maarufu wa EM, uliobuniwa na Teruo Higa wa Okinawa, na ule ule uliouliwa vijidudu vyake kwa joto. Tofauti ya maana haikuonekana: kilicholisha udongo kilikuwa chakula kilichoandamana na vijiumbe.

Tindikali ndiyo huamua vijiumbe vifanye kazi kiasi gani. Mbolea zenye amonia, zikiwemo DAP na ile ya majani chai, huongeza tindikali bakteria wanapoibadili amonia kuwa nitrati. Mchai hustahimili pH ya 4.5 hadi 5.5, lakini chini ya 5 rizobia wa maharagwe hudhoofika. Chokaa ya kilimo hurekebisha hali hiyo, na kiasi chake hukadiriwa baada ya kupima udongo. Isipelekwe kwenye shamba la chai.

Samadi peke yake haitoshi. Katika jaribio la Kabete, lililoanza 1976, kaboni ya udongo ilipungua hata palipowekwa samadi kila mwaka, ingawa palipochanganywa samadi, mbolea ya dukani na mabaki ya mahindi ilipungua polepole zaidi. Chuka, jirani na Embu, majaribio ya mahindi yaliyoanza 2000 yaliiweka tithonia pamoja na nusu ya mbolea ya dukani miongoni mwa michanganyiko iliyozaa vizuri zaidi. Kwa shamba la Kianjokoma matokeo hayo humaanisha konzi mbili za samadi iliyoiva katika kila shimo la mahindi kabla ya mvua za Oktoba, na mbolea ya dukani nusu ya kiwango, ikiwekwa kando ya mbegu na si juu yake.