Rangi Isiyong'aa

Mtu akisimama Mbamba Bay alfajiri, kabla upepo haujaamka, huliona Ziwa Nyasa limetulia kama kioo. Miamba na mitumbwi huonekana mara mbili: juu ya maji, na tena ndani yake, kichwa chini. Baadaye upepo wa mwera huvuma, maji hukunjamana, na picha zile hutoweka. Maji ni yale yale. Uso wake tu ndio uliobadilika. Mwanga uangukao juu ya uso laini hurudi kwa njia moja, na jicho huona mng'ao. Uangukao juu ya uso uliokunjamana hutawanyika huku na huku, na mng'ao huvunjika.

Rangi nayo ina tabia hiyo hiyo. Ndani ya kopo la rangi mna vitu vitatu: unga uletao rangi yenyewe, gundi iushikayo unga ule, na kiowevu kiifanyacho rangi iwe nyepesi, ambacho hukauka na kwenda zake. Gundi ikiwa nyingi, huzifunika chembe zote za unga, na uso huwa sawasawa kama ziwa la alfajiri. Hiyo ndiyo rangi ing'aayo. Gundi ikiwa haba, au rangi ikitiwa unga mwingine laini sana, kama ule wa silika, chembe hutokeza juu mfano wa mawimbi madogo yasiyoonekana kwa macho. Rangi hiyo haing'ai. Ndiyo sababu chokaa ya ukutani haina mng'ao.

Basi, jambo hili lamfaa nini mtoto achongaye gari? Katika milima ya Mbinga hulimwa kahawa, na malori huichukua kwenda mbali. Mtoto akichonga lori kama hilo kwa mti, akalipaka rangi ing'aayo, huona kwamba halifanani na lori la kweli, ijapokuwa vipimo vyake ni sahihi. Sababu ni hii: kitu kidogo huonekana kama kitu kikubwa kilicho mbali. Lori la kweli likipita ng'ambo ya bonde, dogo kama kidole, mng'ao wake umefifizwa na hewa na vumbi. Lori la mchezo lapasa kuonekana vivyo hivyo.

Kazi yenyewe yataka subira. Kwanza mti husuguliwa kwa msasa laini, kisha vumbi lote hufutwa, wala usishikwe tena kwa vidole vyenye mafuta, maana rangi haishiki penye mafuta. Pili, rangi hukorogwa mpaka chini kabisa ya kopo, kwa kuwa unga ule uuao mng'ao huzama; rangi isiyokorogwa vema hutoa mabaka, hapa pang'aa, hapa hapang'ai. Tatu, hupakwa nyembamba, mara mbili au tatu, na kila mara huachwa ikauke kwanza. Rangi nene hutiririka na kuziba mistari ya milango. Tena haifai kupaka siku ya ukungu, kwa kuwa unyevu waweza kuacha weupe kama majivu. Na rangi iliyokwisha kung'aa yaweza kufifizwa kwa kuisugua polepole kwa msasa laini sana uliolowa maji.

Lakini rangi hii si ya michezo tu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia (1939–1945) magari ya jeshi yalipakwa rangi isiyong'aa, kwa maana mmeto mmoja wa jua waweza kumwonyesha adui mahali askari walipojificha. Hata leo, dereva ashukaye jioni kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay hulielekea jua lituapo ng'ambo ya ziwa, na njia ina kona nyingi. Kama dashibodi ingeng'aa, ingejionyesha katika kioo cha mbele na kumziba macho.

Kila rangi ina mahali pake. Ing'aayo husafishwa upesi. Isiyong'aa hulipumzisha jicho, bali huonyesha wazi kila alama ya kidole. Na katika zote mbili, atakaye kuficha kosa la msasa kwa rangi nene huliongeza.

MASWALI

1. Kwa nini picha za miamba hutoweka majini mwera uvumapo?
2. Rangi isipokorogwa mpaka chini, hutokea nini?
3. Taja mahali pawili ambapo mng'ao waweza kuleta hatari.