Nyoka wa Bonde la Mto Tana

Tembo huhesabiwa kwa ndege, ama nyoka hana budi kutafutwa mmoja mmoja, chini ya magogo yaliyooza na kwa taa ya kichwani usiku. Na aghalabu aliye karibu mno na mguu wako ndiye usiyemwona. Kazi ya namna hiyo wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliifanya katika Hifadhi ya Nyani ya Mto Tana, baina ya Hola na Garsen, na taarifa yao juu ya vyura na wanyama watambaao ikachapishwa mwaka 2006.

Miongoni mwa hila za kazi hii ni kufukia ndoo ardhini hata ukingo wake ulingane na udongo, kisha kusimamisha ukuta mfupi wa plastiki, ili kila kitambaacho kiufuate ubavuni na kutumbukia. Lakini chatu hutoka ndooni kwa urahisi, kwa hiyo habari zake huulizwa kwa Wapokomo walimao kandokando ya mto na Waorma wachungao nyikani.

Hifadhi hiyo ilitengwa mwaka 1976 kwa ajili ya mbega mwekundu na mangabe wasiopatikana kwingineko duniani, na nyoka wakapata sitara kwa baraka ya jirani zao. Hata hivyo mipaka yake haiwatoshi, kwa kuwa moma hupenda nyika kavu, na swila mkubwa wa kahawia, atemaye sumu machoni, huishi katika nyanda kame za mashariki mwa Kenya. Naye hakutambuliwa kuwa jinsi ya peke yake mpaka mwaka 2007, alipopewa jina la marehemu James Ashe, mwasisi wa shamba la nyoka la Watamu.

Adha kubwa yatoka mbali. Msitu wa hifadhi huishi kwa maji ya mto na gharika zake, nayo mabwawa ya juu, hasa Masinga lililokamilika mwaka 1981, yamezipunguza. Ukataji wa miti kwa mashamba umeizidisha adha hiyo, na mti wa mathenge umetamalaki penye malisho.

Kisha kuna rungu. Simlaumu mchungaji aishiye mbali na hospitali akimwua kila nyoka, hata ukukwi asiye na madhara, maana Shirika la Afya Duniani lenyewe liliyaingiza madhara ya kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa mwaka 2017 tu. Naamini dawa ya sumu ikiwekwa katika zahanati za vijijini, itawaokoa nyoka wengi kuliko amri yoyote.